Mafunzo ya ufundi kwa wanawake na watoto walioathiriwa na vita (Kibati)

Mafunzo ya ufundi na elimu kwa wanawake na watoto walioathiriwa na vita, Kibati, ni jumla ya kozi, karakana, madarasa ya kisomo na vikundi vya akiba vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu waliobakwa, waliofiwa, waliokimbia makwao au waliotoka katika makundi yenye silaha, kaskazini mwa mji wa Goma, mkoa wa Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Shughuli hizo zimeendeshwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na hospitali, makanisa, mashirika ya wenyeji, Umoja wa Mataifa na, kwa kiasi kidogo, serikali. Karakana kubwa ziko Goma. Kibati imejulikana zaidi kama mahali wanakotoka wanafunzi, na mara kwa mara kama mahali wanakokimbilia.

Mahali

Kibati ipo kando ya barabara ya taifa namba 2 iendayo Rutshuru, mwendo wa kilomita kumi na kitu kutoka katikati ya Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo (mita 3,470). Ni mojawapo ya makundi 7 ya vijiji ya utawala wa jadi wa Bukumu, wilaya ya Nyiragongo. Kituo cha askari wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga kilichopo hapo, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndipo ilipokuwa ikianzia njia ya watalii waliopanda mlima. Ardhi ni mawe ya volkano yaliyopoa. Mito haipo, maji hukingwa ya mvua au huletwa na malori. Viazi, kabichi, maharagwe na makaa ya upande wa Kibumba hupita Kibati vikishuka Goma kwa chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho dereva hukisukuma kwa mguu mmoja huku amepiga goti la pili kwenye ubao. Sanamu ya chukudu imesimamishwa katika mzunguko mmoja wa barabara mjini Goma.

Historia

Julai 1994 Wanyarwanda karibu milioni 1 walivuka mpaka na kuingia Goma katika siku chache. Wengi wao walipelekwa kambi ya Kibumba, juu ya Kibati, na kipindupindu kikaua maelfu. Misaada ya wakati huo ilikuwa maji, chakula na mazishi. Mafunzo ya kazi hayakuwa kipaumbele cha mtu yeyote.

Mwaka 1996 na 1997 waasi wa AFDL, wakiongozwa na Laurent-Désiré Kabila, waliandikisha watoto kwa maelfu njiani kuelekea Kinshasa. Watoto hao, maarufu kama makadogo, ndio waliowafanya watu wa Kivu waanze kuuliza ni nini kitafanywa na mvulana wa miaka 13 ajuaye bunduki na asiyejua kusoma. Vita vya 1998 hadi 2003, ambapo Goma ilikuwa makao makuu ya waasi wa RCD, viliongeza idadi yao, na vikaleta pia ubakaji wa kiwango ambacho hospitali za mkoa hazikuwa zimejiandaa kukikabili.

Hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa Goma mwaka 2000, wakati huo kwa jina la DOCS, na Dkt. Jo Lusi, daktari bingwa wa mifupa, pamoja na mkewe Lyn, Mwingereza aliyekuwa amekuja Kongo kufundisha. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji na kuiangamiza hospitali hiyo ingali changa. Ilijengwa upya na kuwa kituo kikuu mkoani cha upasuaji wa fistula, yaani tundu linalofanya mkojo au choo kuvuja. Kwa kuwa upasuaji huo mara nyingi hurudiwa, na mgonjwa husubiri kwa wiki au miezi akiwa mbali na kwao, muda wa kusubiri ukageuzwa kuwa muda wa kujifunza: kushona, kazi za mikono, kusoma na kuandika. Mpango huu wa hekima, ulioanza kwa sababu ya foleni ya chumba cha upasuaji, umeigwa na vituo vingi vilivyofuata. Lyn Lusi alipata Tuzo ya Opus mwaka 2011 na kufariki Machi 2012.

Jina la Kibati lilifika kwenye habari za dunia Oktoba 2008. Wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda walipoteka Rumangabo na Rutshuru, watu waliokuwa kambini Kibumba walishuka kwa miguu, magodoro kichwani, na ndani ya siku mbili tatu Kibati ikawa na wakimbizi wa ndani zaidi ya 60,000. Nkunda alitangaza kusitisha mapigano tarehe 29 Oktoba, lakini mstari wa mbele ulibaki kando ya kambi. Wanawake walibakwa walipokwenda kutafuta kuni, na risasi zilifika hadi kwenye mahema. UNHCR iliamua kuwahamishia watu Mugunga, magharibi mwa Goma. Madarasa ya watoto yaliyokuwa yamefunguliwa chini ya maturubai yalifungwa au kuhamishwa nao, na hali hiyo imejirudia Kibati mara kadhaa tangu hapo.

Waasi wa M23 walipoiteka Goma tarehe 20 Novemba 2012 na kuondoka siku chache baadaye, walibaki na milima ya Kibati kwa miezi 9. Mwishoni mwa Agosti 2013 jeshi la Kongo, likisaidiwa na kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, liliwaondoa huko. Meja mmoja wa Tanzania aliuawa tarehe 28 mwezi huo. Ulifuata utulivu wa takribani miaka 8, ambao ndio muda mrefu zaidi ambao miradi ya mafunzo iliwahi kupata eneo hilo. Mlipuko wa Nyiragongo wa 22 Mei 2021, uliokata barabara ya Rutshuru na kuua watu wapatao 30, uliukatiza, na M23 waliorudi mwaka 2022 waliumaliza.

Mafunzo ya wanawake

Ushonaji

Cherehani ya miguu ndiyo alama ya shughuli nzima, na wafadhili wanapotaka picha hupewa ya cherehani. Sababu za kuipendelea ni za vitendo. Haihitaji umeme, hubebwa na watu wawili, na kazi yake ina wateja wa aina mbili wasiokosekana. Wa kwanza ni wanafunzi: shule za Kongo huvaa shati jeupe na suruali au sketi ya buluu, na kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, mwanzoni mwa Septemba, mafundi hukesha. Wa pili ni wavaaji wa vitenge, kwa ajili ya arusi, sherehe za kanisa na Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, ambapo vikundi vya wanawake hushona kitenge cha aina moja.

Mafunzo huanza mbali na kitambaa. Mwanafunzi hukanyaga pedali bila uzi mpaka gurudumu liache kumrudi nyuma, kisha hushona juu ya mistari iliyochorwa kwenye karatasi. Ramani za nguo hukatwa kwenye mifuko ya saruji na magazeti makuukuu mara nyingi kabla ya mkasi kugusa nguo, maana mita ya kitambaa ikiharibika hasara ni ya darasa zima. Utepe wa kupimia humfundisha namba mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, kisha kifua kugawa kwa 4 na kuongeza nafasi ya mshono. Walimu wa kisomo cha watu wazima wamegundua kwamba anayepima nguo hushika hesabu upesi kuliko anayeandika ubaoni, na vituo vingine huweka masomo hayo mawili katika asubuhi moja.

Kozi nyingi huchukua miezi 6, chache hufika mwaka. Mhitimu hupewa vifaa vya kuanzia, yaani cherehani, mkasi, utepe, nyuzi na kitambaa kidogo. Mashirika yenye mfuko mwembamba hutoa cherehani moja kwa kikundi, jambo linalozaa ugomvi kikundi kinapotawanyika. Lawama kuu dhidi ya ushonaji ni kwamba kila shirika hufundisha huo huo. Masoko ya Goma, hasa Birere na Virunga, yamejaa mitumba ambayo fundi hawezi kushindana nayo kwa bei, na mtaa wenye mafundi 10 hauhitaji wa 11. Wanaofanikiwa ni wale waliojifunza jambo la ziada: kushona sare kwa mkataba wa shule, kurekebisha mitumba yenyewe, au kushona magauni ya arusi.

Fani nyingine

Sabuni hutengenezwa kwa mafuta ya mawese na soda kali, humwagwa kwenye kisanduku cha mbao na kukatwa kwa waya ikishaganda. Mtaji wake ni mdogo, na pia faida. Mikate na maandazi, kusuka nywele, kufuma vikapu na ufugaji wa nguruwe na sungura hufundishwa pia. Utengenezaji wa majiko yanayokula makaa kidogo una uzito wa pekee Kibati, kwa kuwa kila fungu la kuni ambalo halihitajiki ni safari moja pungufu ya mwanamke kwenda msituni.

Huko Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, kuna karakana ya kushona ya wajane wa askari wa hifadhi. Askari zaidi ya 200 wameuawa kazini katika historia ya hifadhi hiyo. Katika shambulio la 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa 12 kwa siku moja.

Shamba badala ya darasa

Upande wa pili wa Goma, Minova katika Kivu Kusini, Rebecca Masika Katsuva, ambaye mwenyewe alinusurika ukatili wa vita, aliwapokea nyumbani kwake wanawake na watoto waliobakwa na kukodi mashamba walimolima pamoja. Alifariki Februari 2016. Njia yake haikuwa na cheti wala sherehe ya kuhitimu, na pengine kwa hiyo haikuvuta fedha nyingi, lakini watu walikula walichovuna. Mjini Bukavu mpango unaojulikana zaidi ni Mji wa Furaha, uliofunguliwa Februari 2011 kwa ushirikiano wa vuguvugu la V-Day na Wakfu wa Panzi wa Dkt. Denis Mukwege, na kuongozwa na Christine Schuler Deschryver. Hupokea wanawake 90 kwa miezi 6 na kuweka mkazo kwenye uongozi kuliko ufundi.

Watoto waliotoka vitani

Utaratibu wa kuwapokea watoto waliotoka katika makundi yenye silaha umefuata Kanuni za Paris za mwaka 2007. Mtoto hutenganishwa na wapiganaji wazima, huandikwa, hukaa kwenye kituo cha muda kwa miezi michache au kwa familia ya kumpokea, ndugu zake hutafutwa, ndipo huchagua shule au ufundi. Goma kazi hiyo imefanywa kwa muda mrefu na shirika la wenyeji la CAJED likisaidiwa na UNICEF. Kituo cha Don Bosco cha Ngangi, cha mapadri Wasalesiani, kipo kaskazini mwa mji upande wa kuelekea Kibati. Hufundisha useremala, uashi, umakanika, uchomeleaji na ushonaji kwa makadogo wa zamani, yatima na maibobo, yaani watoto wa mitaani. Kila vita vinapokaribia, viwanja vyake hujaa familia zilizokimbia, kama ilivyokuwa 2008, 2012 na 2025, na masomo husimama.

Wavulana wengi huchagua umakanika wa pikipiki, wakiona jinsi teksi za pikipiki zilivyojaa Goma. Useremala hupendwa kidogo ingawa soko lake ni kubwa katika mji wa nyumba za mbao, na chukudu moja imara, yenye magurudumu yaliyovalishwa mpira wa tairi kuukuu, humlisha aliyeitengeneza na anayeiendesha.

Wasichana ndio waliosahauliwa. Katika watoto zaidi ya 8,500 ambao kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, kiliandika kuwa wametoka katika makundi yenye silaha kati ya 2009 na Mei 2015, wasichana walikuwa takribani 7% tu, ingawa idadi yao ndani ya makundi inaaminika kuwa kubwa zaidi. Makamanda huwaita wake na kukataa kuwaachia. Wakitoroka, hurudi kimyakimya ili wasijulikane. Shirika la Child Soldiers International liliwahoji wasichana 150 mashariki mwa Kongo mwaka 2016. Wengi walisema kukataliwa na majirani kuliwaumiza kuliko maisha ya porini, na kwamba kitu ambacho kingewarudishia heshima ni kurudi shule. Programu nyingi ziliwapa cherehani.

Elimu ya shule

Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure katika shule za serikali kuanzia Septemba 2019, kama Katiba ya 2006 inavyotaka. Waliopitwa na umri husoma kwenye vituo vya kufidia masomo, ambavyo hubana miaka 6 ya msingi kuwa 3.

Tiba ya akili

Jambo lililochunguzwa vizuri kuliko yote si mafunzo yenyewe bali tiba ya akili. Utafiti wa Judith Bass na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 400 walionusurika ukatili wa kingono vijijini mashariki mwa Kongo. Baadhi waliwekwa kwenye vikundi vya watu 6 hadi 8 kwa vikao 12 vya tiba ya mazungumzo, vilivyoongozwa na wahudumu wa vijijini wasio na shahada, kwa njia iliyorahisishwa ili asiyejua kusoma aikariri kichwani. Wengine walipata ushauri wa kawaida, mmoja mmoja. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi katika kundi la tiba walikuwa 9%, dhidi ya 42% katika kundi la pili. Mwaka huo huo tafiti za timu kutoka Belfast zilizofanyika Beni, kwa wasichana na kwa wavulana waliopitia vita, zilionyesha mwelekeo kama huo.

Matokeo haya yamewapa nguvu wanaodai kwamba kozi ya ufundi iambatane na tiba. Walimu wa ufundi nao wana hoja yao: mama ambaye hakulala usiku huikosea kila mita anayopima, na hakuna anayejua hilo upesi kuliko fundi aliyekaa naye.

Mtaji na soko

Kaskazini mwa Uganda, baada ya vita vya waasi wa LRA, shirika la AVSI liliwapa wanawake maskini wa Gulu na Kitgum dola 150 kila mmoja na mafunzo ya biashara ya siku 5 tu. Wengi walianzisha uchuuzi mdogo, na kipato chao kilikaribia mara mbili katika mwaka mmoja. Gulu hiyohiyo ndiko Sista Rosemary Nyirumbe alikojijengea jina kwa kuwafundisha ushonaji wasichana waliotoka kwa LRA, katika shule ya Mtakatifu Monika. Mifano hii miwili hutajwa kila mara Goma, wa kwanza na wahasibu, wa pili na watawa.

Kibati yenyewe mtaji hutoka kwenye likelemba, yaani michango ya kupokezana kwa zamu, na vikundi vya kuweka na kukopa. Wanachama, kwa kawaida 15 hadi 25, hukutana kila wiki na kununua hisa mbele ya wote. Fedha hufungiwa kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli 3, funguo zikishikwa na watu 3 tofauti, na mtunza kisanduku hana hata mmoja. Mikopo hulipwa kwa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko akiba hugawanywa. Katika eneo ambalo watu hukimbia usiku, udhaifu wa mfumo huu ni kisanduku chenyewe. Vikundi vingi vilianza kugawana mapema viliposikia milio ya mizinga upande wa Kibumba.

Sheria na fidia

Sheria za Julai 2006 zilikaza adhabu za ukatili wa kingono, na sheria ya 10 Januari 2009 ilipiga marufuku kuwaandikisha watoto jeshini. Serikali ilisaini na Umoja wa Mataifa mpango wa kutekeleza marufuku hiyo tarehe 4 Oktoba 2012. Kwa upande wa mafunzo yenyewe, serikali ina taasisi ya INPP, ya mafunzo ya kazi tangu 1964, yenye tawi Goma. Sheria ya 26 Desemba 2022 iliunda mfuko wa fidia kwa wahanga, FONAREV, unaotengewa 11% ya mrabaha wa madini. Matarajio ni makubwa kuliko malipo yaliyoonekana.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai imewahukumu Thomas Lubanga (2012) na Bosco Ntaganda (2019), wote kwa makosa ya mkoani Ituri, na fidia zilizoamriwa hujumuisha mafunzo ya ufundi. Ntaganda alikuwa mkuu wa wapiganaji wa CNDP mwaka 2008 na kiongozi wa M23 mwaka 2012, lakini hakushtakiwa kwa ya Kivu. Watu wa Kibati hawamo katika fidia hiyo.

Hali ya sasa

Mwishoni mwa 2022 watu wa Kibumba na Rutshuru walijaa tena Kanyaruchinya, chini ya Kibati. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walihudumia manusura wa ukatili wa kingono zaidi ya 25,000 nchini Kongo, wengi wao kutoka kambi zinazoizunguka Goma, na wengi walishambuliwa wakitafuta kuni au chakula. M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Februari wakaazi wa kambi waliamriwa kuondoka. Kwa mujibu wa UNICEF, matukio ya ubakaji na ukatili wa kingono yaliyoripotiwa katika miezi hiyo miwili yalikaribia 10,000, na kati ya 35% na 45% ya waathiriwa walikuwa watoto. Benki za mji zilifungwa. Misaada ya Marekani, iliyokuwa ikigharimia sehemu ya huduma hizi, ilisimamishwa mwezi huo huo wa Januari, na uwanja wa ndege ulifungwa, hivyo vifaa vikawa vinaingia kwa barabara, hasa kupitia Gisenyi.